Makanisa ya Mji wa Assisi

Katika nchi ya Italia, juu ya mteremko wa mlima Subasio, uko mji wa kale uitwao Assisi. Watu wa mataifa mengi hupanda huko kuyazuru makanisa yake. Mgeni mwenye busara hatazami mawe tu, bali hujiuliza: nyumba ya Mungu ni nini hasa?

Katika San Rufino, kanisa kuu la askofu, lipo birika la ubatizo. Masimulizi ya mji yasema kwamba hapo walibatizwa Fransisko, mtoto wa mwuza nguo tajiri, na Klara, binti wa ukoo wa wakubwa. Siku ile hawakuwa watakatifu wenye sifa. Walikuwa watoto wachanga tu. Maisha yao ya Kikristu yalianzia katika maji, kama yatakavyoanza ya kila mkatekumeni.

Nje ya kuta za mji, penye mizeituni, lipo kanisa dogo la San Damiano. Fransisko alipokuwa kijana lilikuwa linabomoka. Alipokuwa akisali humo mbele ya msalaba, alisikia Kristu akimwagiza aitengeneze nyumba yake. Basi akaomba mawe kwa watu, akajenga kwa mikono yake. Baadaye akafahamu kwamba nyumba ile ni Eklezya yenyewe, yaani watu wa Mungu. Klara alikaa hapo na masista wake katika umaskini hata alipofariki mwaka 1253.

Bondeni iko Porziuncola, kikanisa alichokipenda Fransisko kuliko vyote. Karibu nacho alifariki tarehe 3 Oktoba 1226, akiwa amelazwa juu ya ardhi tupu. Tangu mwaka 1569 kilijengewa kanisa kubwa la kukifunika, nacho kimo ndani yake kama mbegu ndani ya tunda.

Tarehe 16 Julai 1228 Papa Gregori IX alimtangaza Fransisko kuwa mtakatifu, na kesho yake akaweka jiwe la msingi la kanisa la kaburi lake. Ni makanisa mawili, moja juu ya jingine. Katika lile la juu zimo picha 28 za maisha yake, hata asiyejua kusoma aweza kuyafahamu. Wengine huuliza: mbona maskini yule alijengewa nyumba kubwa namna hii? Swali hilo ni la haki.

Tarehe 26 Septemba 1997 nchi ilitetemeka. Sehemu ya dari ya kanisa la juu ilianguka, ikawaua watu wanne waliokuwa wakikagua nyufa. Mafundi wakaokota vipande vya picha, maelfu kwa maelfu, wakaviunganisha kwa saburi. Mwaka 1999 kanisa likafunguliwa tena.

Basi, hata mawe mazuri huanguka. Kanisa la udongo na nyasi si dogo mbele ya Mungu, kama Porziuncola isivyokuwa ndogo. Mtu hubatizwa siku moja, lakini nyumba ya Mungu hutengenezwa kila siku. Chuki kati ya jirani na jirani ni ufa. Anayesamehe ameweka jiwe.

Maswali

1. Fransisko na Klara walibatizwa wapi?
2. Fransisko aliagizwa nini katika San Damiano? Maana yake ilikuwa nini?
3. Mafundi walifanya nini baada ya tetemeko la mwaka 1997?
4. Katika kijiji chako ni kitu gani kinabomoka? Nawe utaweka jiwe gani kabla ya siku ya ubatizo wako?