Kufundisha Namna Mashine Ionavyo Njia Yake

Wengi wetu tufundishapo habari za roboti huzigeuza kuwa hadithi ya maajabu. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo mbele ya wanachuo wa mwaka wa kwanza. Niliwaeleza kwamba ipo mashine yenye kamera, na kwamba hupita kati ya viti pasipo kuongozwa na mtu. Mwanachuo mmoja aliyeketi nyuma akaniuliza: "Mwalimu, mashine hiyo haina mkono wa kupapasa. Hujuaje kwamba kiti kiko mbali au karibu?" Nikamjibu kwamba kompyuta hukokotoa. Akaketi kimya. Lile halikuwa jibu, naye alilijua hilo kama nilivyolijua mimi. Baya zaidi ni kwamba baada ya miaka miwili angekwenda kuwajibu watoto wa darasa la saba kwa maneno yale yale.

Tangu siku hiyo nimeliacha somo la roboti kwa jumla, nami nafundisha kazi ya mtafiti mmoja tu. Jina lake ni Hans Moravec, mzaliwa wa Austria wa mwaka 1948, ambaye katika miaka ya 1970 alikuwa mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Stanford, California. Alikikuta pale kigari cha magurudumu manne, kiasi cha meza ndogo, ambacho asili yake ilikuwa majaribio ya kuendesha chombo juu ya Mwezi kutoka Duniani. Ishara ya redio huchukua kama sekunde mbili na nusu kwenda Mwezini na kurudi. Mwendeshaji aonaye shimo hulikwepa akiwa amekwisha chelewa. Moravec alitaka kigari kijionee chenyewe.

Mwaka 1979 kigari hicho kilivuka chumba cha mita 20 kilichojaa viti, bila kuguswa na mtu. Safari hiyo ilichukua muda wa saa tano hivi. Kilikwenda kama mita moja, kikasimama dakika 10 hadi 15 ili kompyuta ifanye hesabu, kisha kikaenda mita nyingine. Nimeona wanachuo wakicheka wasikiapo hayo. Mwalimu asiwakataze, awaulize tu ni hesabu gani iliyochukua dakika 15, maana hapo ndipo penye somo.

Kila kiliposimama, kamera iliteleza juu ya reli fupi, karibu nusu mita, kutoka upande hadi upande, ikipiga picha tisa. Picha zilirushwa kwa mawimbi hadi kwenye kompyuta kubwa iliyokuwa mahali pengine. Kazi ya kwanza ya kompyuta ilikuwa kuchagua katika picha moja nukta za kufuatia, na ya pili ilikuwa kuzitafuta nukta zizo hizo katika picha nane zilizobaki. Hapa yafaa kutulia, kwa kuwa mwanafunzi hafahamu ugumu wa jambo hili mpaka alifanye mwenyewe.

Mpe kila mwanafunzi karatasi nene yenye tundu la upana wa sentimita moja. Afumbe jicho moja, anyoshe mkono, atazame kupitia tunduni ukuta uliopakwa chokaa, huku akiisogeza karatasi polepole. Atakuambia kwamba haoni badiliko lolote: weupe wa hapa ni weupe wa pale. Sasa atazame ukingo wa ubao. Akiisogeza karatasi kukata ukingo, ataona badiliko. Akiifuatisha ukingo, haoni kitu. Mwisho atazame pembe ya ubao. Aisogeze atakako, juu, chini, kulia au kushoto, mara moja kilichomo tunduni hubadilika. Basi pembe ni alama inayoweza kutambulikana tena, ukingo ni alama ya nusu, na ukuta mtupu si alama kabisa. Programu ya Moravec ilitafuta sehemu za picha zilizobadilika kila upande, kama ile pembe ya ubao. Kutokana na jambo hilo hilo vitu laini visivyo na alama vilikisumbua kigari. Mtoto wa mwaka mmoja angekiona kizuizi cheupe kilicho wazi kabisa, lakini kwa kompyuta hapakuwa na pa kushika.

Sasa swali la mwanachuo wetu: umbali. Chukua ubao mwembamba, toboa tundu la kutazamia mwisho mmoja, na mwisho wa pili, sentimita 50 mbele, kaza rula iliyolala kulia na kushoto. Uweke juu ya meza, ubavu wake ukigusa fito iliyonyoka ili uteleze kando bila kupinda. Mwanafunzi atazame mguu wa kiti na kusoma rula. Usogeze ubao sentimita 20 kwenda kando, asome tena. Kiti kikiwa mita 5 kutoka tunduni, masomo mawili yatatofautiana kwa sentimita 2. Kikiwa mita 2.5, yatatofautiana kwa sentimita 4. Wanafunzi wakiziandika namba hizo ubaoni, wataona wenyewe kwamba umbali ukizidishwa kwa tofauti hutoa jibu lile lile, 1,000, ikiwa vyote vimepimwa kwa sentimita. Na hiyo ni 50 mara 20. Ni uwiano wa kinyume, ambao kwa kawaida tunaufundisha kwa vibarua wanaolima shamba kwa siku kadhaa. (Sina ugomvi na vibarua hao, ila wamelima vya kutosha.)

Mwalimu asiogope makosa ya usomaji. Kwa kiti cha mita 10 tofauti ni sentimita 1 tu. Mwanafunzi akikosea akasoma nusu sentimita, kiti chake kitakuwa mita 20. Kosa hilo hilo kwa kiti cha mita 2.5 halileti hata nusu mita. Ndiyo maana Moravec hakutosheka na picha mbili. Picha tisa hutoa jozi 36, na kila jozi ilitoa makadirio yake ya umbali. Makadirio yaliyokubaliana yaliaminiwa, na yaliyokuwa peke yake yalitiliwa shaka. Waachie wanafunzi wazihesabu jozi hizo wenyewe.

Katika kipindi cha pili nagawa kazi. Mmoja ni kamera, wanne ni wakokotozi, na mmoja aliyefungwa kitambaa machoni ni kigari, haendi ila kwa amri na kwa mita moja moja. Mara ya kwanza darasa langu lilisafiri mita nne kwa dakika arobaini, na lilimgonga mwenzao kwenye dawati ambalo hakuna aliyelipima. Hakuna aliyecheka tena mwendo wa kigari cha Stanford.

Mwaka 1980 Moravec alihamia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh. Huko, pamoja na Alberto Elfes, alitoa mwaka 1985 njia ya kuugawa uwanja katika miraba na kukipa kila mraba kiasi cha uwezekano wa kuwa na kizuizi, badala ya kusema tu kipo au hakipo. Daftari la hesabu latosha kulifundishia hilo. Katika kitabu chake cha mwaka 1988 alieleza kwamba ni rahisi zaidi kuiwezesha kompyuta kucheza michezo ya akili kama mtu mzima kuliko kuipa uwezo wa mtoto mchanga wa kuona na kutembea. Leo chombo cha Perseverance, kilichotua sayari ya Mirihi Februari 2021, huchagua njia kwa kamera zake, lakini mwanafunzi aliyeshika ule ubao wenye rula hataona kuwa ni muujiza.

Limebaki jambo la vivuli. Kigari kilipojaribiwa nje kilipotea, kwa sababu pembe za vivuli ni alama nzuri machoni pa programu, na mwendo wake ulikuwa wa polepole kiasi kwamba jua lilivisogeza vivuli kabla hakijafika. Kipindi cha tatu kifanywe uwanjani kabla ya saa tatu asubuhi, wakati ambapo vivuli ni virefu na mwendo wake huonekana. Wanafunzi wapigilie kijiti kwenye ncha ya kivuli cha mlingoti wa bendera, wapime umbali wake kwa ule ubao, kisha warudie baada ya dakika 15. Mwaka huu aliyepigilia kijiti alikuwa yule yule mwanachuo wa kiti cha nyuma, akiwa katika mazoezi ya kufundisha, na watoto arobaini na wawili wamemzunguka.