Kwa Nini Ndege wa Matopeni Huhesabiwa Kila Mwaka

Wewe mkulima wa skimu karibu na Gede, ukiona watu na darubini kando ya hori la Mida mwezi wa Januari, huenda ukauliza: ndege hawa hawali mahindi wala mtama, ya nini kuwahesabu? Jibu ni kwamba wanakula minyoo na kaa wa matope yale yale yanayokupa kitoweo. Hori likiharibika, wao huonyesha mapema.

Fikiri juu ya ng'ombe wako. Ukipima maziwa siku moja tu, hujui kama anaongeza au anapunguza. Hesabu ya ndege ni daftari kama lile la maziwa, ila kila ukurasa ni mwaka mzima. Katika nchi nyingi ilianza 1967. Kwetu Kenya ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Maji yakipwa, ndege hutawanyika na hawahesabiki. Maji yakijaa, hasa siku za bamvua, hukusanyika mahali pakavu, na hapo ndipo huhesabiwa. Hesabu kumi, uzoeze macho ukubwa wa kumi, kisha upime kundi kwa makumi. Likiruka na kutua kwingine, anza upya. (Hukasirisha, najua.)

Sasa mtazame yule mdogo mwenye mdomo uliopinda chini. Hutaga mayai Siberia, kaskazini mwa Urusi, mwezi wa Juni, naye huanza kufika kwetu Agosti. Huko kuna panya wa nchi ya baridi, ambao mwaka mmoja huzaana mno na mwaka mwingine huadimika. Panya wakiwa wengi, mbweha hushiba. Wakiadimika, mbweha hugeukia mayai na makinda, na ndege wachanga wanaofika pwani yetu huwa wachache. Basi upungufu wa mwaka mmoja usikufanye kuwalaumu wakata mikoko. Ukiendelea miaka kumi, hilo ni jambo jingine. Tena linganisha: wakipungua Mida lakini si mlangoni mwa mto Sabaki, taabu iko Mida. Wakipungua kote, yaweza kuwa njiani au huko wanakozaliwa.

Ukitaka kusaidia, andika tarehe, saa, hali ya maji na idadi, daima mahali pale pale. Siku usipoona ndege hata mmoja, andika sufuri. Wengi huacha nafasi tupu, na baadaye hakuna ajuaye kama ndege hawakuwapo au mwandishi hakwenda.