Dondoo muhimu: Taa za gari kuukuu zilizoungwaungwa

Umenunua pikapu ya zamani na taa zake zinafifia? Huenda mwenye gari wa kwanza aliungaunga nyaya tu. Kabla hujatoka Makutupora usiku kushika barabara kuu ya Dodoma–Arusha, zitengeneze upya.

• Chomoa waya wa hasi wa betri kabla hujagusa chochote.

• Kagua fyuzi. Ukikuta imezungushiwa karatasi ya fedha ya sigara au kipande cha waya, itupe. Weka yenye ampea zilizoandikwa kwenye kifuniko cha kisanduku. Ikikatika tena, kuna shoti, itafute.

• Soma maandishi ya balbu. Nyaya nyingi za zamani zilipimwa kwa balbu za wati 55/60. Mbili za wati 100 kwenye volti 12 huvuta zaidi ya ampea 16. Plagi hubabuka na kuyeyuka. Rudisha za kawaida.

• Kata viungo vilivyosokotwa na kufungwa nailoni. Chomelea kwa risasi, kisha vika mpira.

• Safisha ethi. Fungua boliti inaposhika bodi, piga msasa hadi chuma king'ae, kaza, paka grisi kuzuia kutu.

• Pima mwanga. Simama mita 5 kutoka ukutani, shusha taa. Ukingo wa mwanga uwe takriban sentimita 5 chini ya kimo cha taa, ukiinuka kidogo kushoto. Ukiinuka kulia, taa hizo ni za nchi zinazoendesha kulia na zitampofusha anayekuja. Zibadilishe.