SOMO: KUMRIDHISHA MPANGAJI NI KULINDA MALI YA WANACHAMA

Vyama kadhaa vya ushirika vina majengo mijini. Jengo la Ushirika la Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, karibu na Mnazi Mmoja, ni mfano ujulikanao na wengi. Kodi ya pango katika jengo la ushirika ni mali ya mkulima ambaye pengine hajapata kupanda ngazi zake. Ofisi ikikaa tupu, hasara ni yake.

Zamani na sasa

Majengo ya kupangisha yalipotaifishwa mwaka 1971, mengi ya katikati ya jiji yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Shughuli zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Ofisi zilikuwa haba, na mpangaji alivumilia lifti mbovu kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Sheria ya kudhibiti kodi za pango ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo maghorofa mengi yamejengwa Kariakoo na mitaa ya jirani. Mpangaji asiyeridhika sasa huvuka barabara tu.

Chukua mfano wa ofisi ya kodi ya shilingi 600,000 kwa mwezi. Pampu ya maji imeharibika, na matengenezo ni shilingi 400,000. Meneja anangoja kikao cha bodi, mpangaji anahama, chumba kinakaa kitupu miezi 4. Chama kimepoteza shilingi 2,400,000, na pampu ingali mbovu. Hivyo bodi haina budi kumpa meneja kiwango cha fedha za matengenezo madogo, atumie kwanza na kutoa taarifa baadaye.

Wajibu wa meneja

(1) Daftari la malalamiko. Liandikwe tarehe, namba ya chumba, lalamiko, fundi aliyetumwa, siku kazi ilipokwisha na sahihi ya mpangaji. Bodi ilione kila mwezi. Kama kipuri hakijapatikana, mpangaji aambiwe hivyo. Ukimya huudhi kuliko ubovu wenyewe.

(2) Hesabu wazi. Fedha za walinzi, usafi, taa za ngazi na mafuta ya jenereta zisichanganywe na kodi ya pango, na matumizi yake yabandikwe ubaoni. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa katika ununuzi wa umeme wa Luku. Mzigo huo ni wa mwenye jengo. Ikiwa umekatwa kwenye mita ya mpangaji, apunguziwe katika kodi yake. Tena, mpangaji wa biashara anayezuia asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka Mamlaka ya Mapato asiandikwe kuwa mdaiwa. Katibu adai hati yake na kuihifadhi.

(3) Mkataba wa maandishi. Kodi itajwe kwa shilingi, kama kanuni za Machi 2025 zinavyotaka. Ielezwe nani hutengeneza nini, na notisi ya kupandisha kodi ni ya muda gani.

(4) Usalama. Soko Kuu la Kariakoo liliungua Julai 10, 2021. Novemba 16, 2024, ghorofa liliporomoka papo hapo Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Kwa hiyo marobota yasizibe ngazi, vizima-moto vikaguliwe, na asiruhusiwe mtu kuvunja ukuta au kuchimba chini ya jengo bila mhandisi na kibali.

Haki kwa wote

Kumridhisha mpangaji si kumsamehe kodi. Anayelipa kwa wakati hukasirika aonapo jirani yake, kwa kuwa ni jamaa wa mjumbe wa bodi, amekaa mwaka mzima bila stakabadhi. Mdaiwa apewe barua, kisha notisi, kwa kipimo kimoja. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katibu aliye na daftari kamili hatamwogopa mkaguzi wa COASCO, wala mwanachama atakayesimama katika mkutano mkuu na kuuliza kodi imekwenda wapi.

Maswali ya kujadili

1. Je, jengo la chama chenu lina vyumba vingapi vitupu, na tangu lini?
2. Ni lalamiko gani la wapangaji limekaa zaidi ya mwezi bila jibu?
3. Meneja wenu anaruhusiwa kutumia kiasi gani bila kungoja kikao?