Damu Ikishatoka Mashineni: Kwa Nyumba Zenye Mgonjwa wa Figo Kisiwani Fundo

Mgonjwa wa figo akirudi kutoka kusafishwa damu kwa mashine, watu wa nyumbani humwona amechangamka, wakadhani taka zote zimekwisha mwilini. Hazijakwisha. Zimepungua, na kila moja imepungua kwa kadiri yake.

Figo nzima hufanya kazi usiku na mchana, saa 168 kwa wiki. Mgonjwa anayehudhuria mara tatu, saa nne kila mara, hupata saa 12 tu. Katika saa hizo damu hupitishwa ndani ya nyuzi nyembamba zenye vitundu visivyoonekana kwa macho, na nje ya nyuzi hupita maji maalumu, yapata lita 120 kwa kikao. Taka huhama kutoka kwenye damu, zilikojaa, kwenda kwenye maji yasiyo nazo. Chembe za damu hubaki, maana haziwezi kupenya.

Yurea, itokanayo na protini tunazokula, hutoka upesi: kikao kizuri huishusha kwa asilimia 65 au zaidi. Kreatinini ya misuli nayo hushuka. Lakini mashine ikishazimwa, taka iliyobaki ndani ya seli huanza kurudi kwenye damu, na ndani ya saa moja hivi kipimo hupanda tena kidogo. Fosfeti ni sugu zaidi, kwa kuwa nyingi imo mifupani. Ndiyo sababu ya vile vidonge vya kumeza pamoja na chakula, viinase tumboni kabla haijaingia mwilini. Msiviache eti kwa kuwa mgonjwa anakwenda mashineni.

Ya kuogopwa kuliko zote ni potasiamu. Ikizidi huweza kusimamisha moyo, pengine bila dalili yoyote kabla. Hupanda kati ya kikao na kikao, na hatari hukua katika ile nafasi ndefu ya mwisho wa wiki. Hapo jiko lenu ni sehemu ya matibabu. Dafu moja kubwa laweza kuwa na potasiamu nyingi kuliko ndizi mbivu mbili. Mgonjwa asipewe, hata kwa nia ya kumburudisha. Tende na machungwa ni vya kuuliza kwanza kwa daktari. Muhogo na majimbi yamenywe, yakatwe vipande vidogo, yachemshwe kwa maji mengi, maji hayo yamwagwe, kisha yapikwe kwa maji mapya. Birimbi aliache kabisa: nchini India watu waliokuwa na figo nzima wameziumiza kwa kunywa juisi yake. Ng'onda nayo huleta kiu, na maji asiyoweza kuyakojoa hujaa mapafuni.

Sisi wa Fundo tuna bahari mbele yetu kabla hata ya kufika Wete, seuze hospitali ya Mnazi Mmoja huko Unguja. Kusi likichafua bahari, kikao hupotea. Basi msimu huo mgonjwa avuke mapema, alale kwa jamaa. Akikosa kikao, wapigieni simu wauguzi wake siku hiyo hiyo, mpunguzieni maji na matunda. Miguu ikilegea, moyo ukidunda ovyo au pumzi ikibana, msingoje zamu yake: mkimbizeni hospitali ya Wete, na neno la kwanza mlangoni liwe kwamba huyu husafishwa damu kwa mashine na amekosa kikao.