Slaidi na Picha Yake: Kuhifadhi Sampuli za Vimelea

Yai la kichocho cha mkojo lina mwiba nchani. Yai la kichocho cha tumbo lina mwiba ubavuni. Kwa tofauti hiyo ndogo mtaalamu wa maabara hutambua aina ya minyoo iliyomwingia mgonjwa. Lakini yai likilala vibaya, mwiba wa ubavuni hujificha, na mtazamaji hulazimika kurekebisha hadubini juu na chini mpaka auone.

Ujuzi huo huja kwa kutazama sampuli nyingi, nazo huadimika pale ugonjwa unapodhibitiwa. Unguja na Pemba, ambako kichocho cha mkojo kimepungua sana baada ya miaka mingi ya ugawaji wa dawa ya prazikwanteli, mwanafunzi anaweza kumaliza mafunzo akiwa ameona mayai machache mno. Hapo makabati ya slaidi za zamani huwa hazina, ingawa mara nyingi hutunzwa kama takataka. Rangi ya Giemsa hufifia kwa mwanga, unyevu huleta ukungu, na kioo huvunjika.

Kupiga picha za kidijitali ni dawa ya sehemu ya tatizo hili. Mashine huipitia slaidi nzima kipande kwa kipande, kisha kompyuta huviunganisha. Kwa mayai ya minyoo, ambayo yana unene, picha ya tabaka moja haitoshi. Hupigwa tabaka kadhaa ili mwanafunzi apande na kushuka kama afanyavyo kwenye hadubini. Slaidi moja huweza kusomwa na wanafunzi mia kwa wakati mmoja bila kuguswa.

Je, slaidi yenyewe sasa itupwe? La hasha. Katika delta ya mto Ebro, Hispania, daktari Ildefonso Canicio alichukua damu za wagonjwa wa malaria kati ya 1942 na 1944. Malaria ilitokomezwa nchini humo, na vimelea vya Ulaya vikatoweka. Zaidi ya miaka 70 baadaye, watafiti walipata katika madoa yale ya damu DNA ya Plasmodium vivax, wakaona undugu wake na vimelea vya Amerika. Picha, hata iwe safi kiasi gani, isingewapa jibu hilo.

Kwa hiyo njia ya kuhifadhi huchaguliwa kwa kazi inayotarajiwa. Fomalini hulinda umbo la mnyoo lakini huharibu DNA. Anayetaka vinasaba hutumia ethanoli kali.

Lebo nayo haina budi kutaja mahali, tarehe, aina ya sampuli na rangi iliyotumika, kwani slaidi isiyo na maelezo haya hufaa kidogo sana kwa utafiti. Jina la mgonjwa halimo katika orodha hiyo: huwekwa namba mahali pake, na lebo ya zamani yenye jina hufunikwa kabla ya picha kupigwa.