Kusoma Tope la Kisima: Anza na Saa, Ndipo Ushike Sampuli

Vijana wanaosoma jiolojia au uhandisi wa petroli hapa Chuo Kikuu cha Dodoma hunifuata nyumbani Majengo na swali lilelile: nitapataje kazi ya kusoma tope kwenye visima vya gesi? Visima hivyo viko mbali na sisi. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay mwaka 1982, ya Ntorya kule Mtwara mwaka 2012, na visima vipya havichimbwi kila msimu. Mimi huwaambia waanzie hapahapa, kwenye visima vya maji. Mitambo ni tofauti, lakini kanuni kuu ya kazi ni moja: kipande cha mwamba ulichokishika hakikutoka pale biti, yaani kichwa cha kukatia mwamba, ilipo sasa.

Kwenye kisima cha gesi, tope la kuchimbia husukumwa kwa pampu ndani ya mabomba, hutokea kwenye biti, kisha hupanda kwa nje, kati ya bomba na ukuta wa shimo, likibeba vipande vya mwamba uliovunjwa. Likifika juu hupita kwenye chekeche inayotikisika. Tope hurudi tangini, vipande hubaki. Safari hiyo ya kupanda ina muda wake, na usipoujua muda huo hujui chochote.

Tupige hesabu. Shimo lina kipenyo cha inchi 12 na robo, bomba la inchi 5. Nafasi iliyobaki kati yake inabeba lita 63 hivi kwa kila mita. Kina kikiwa mita 2,000, hapo kuna kama lita 127,000 za tope. Pampu ikisukuma lita 3,000 kwa dakika, kipande kinapanda kwa dakika 42. Sasa kama biti inakata mita 10 kwa saa, kipande kinapofika mkononi mwako yenyewe imeshashuka mita 7 zaidi. Mita 7 zinaweza kuwa unene wote wa tabaka la mchanga lenye gesi. Mfuko wa sampuli ulioandikwa kina kisicho sahihi ni mbaya kuliko kukosa mfuko, kwa sababu mtu wa ofisini atauamini.

Hesabu ya karatasi haitoshi, maana shimo halibaki na kipenyo cha biti, kuta humomonyoka. Ndiyo maana tunapima. Bomba jipya linapoungwa, unatia ndani yake kifurushi cha kabidi, ambayo ikikutana na maji hutoa asetilini, halafu unasubiri mashine ya gesi iione. Wengine hutia mchele na kuusubiri kwenye chekeche. Ni njia ya zamani na haijawahi kuchakaa. Kumbuka kutoa muda wa kushuka ndani ya bomba, kwa mfano wetu kama dakika 6. Jumla ikiwa dakika 55 badala ya 48, basi shimo limebeba lita 21,000 zaidi ya ulivyodhani, na kina cha sampuli zako zote kinapaswa kurekebishwa.

Sampuli yenyewe usiichote juu juu. Weka ubao chini ya chekeche, chota kutoka kwenye lundo zima ili upate sehemu ya kila mita, kisha safisha ubao kabla ya kuanza nyingine. Osha taratibu: udongo laini ukiuosha kwa fujo unaondoka wote na maji, unabaki ukidhani umekata mchanga mtupu. Isome ikiwa bado mbichi, maana rangi hupauka ikikauka. Tupa vipande vikubwa vilivyopinda na vyenye kingo ndefu. Hivyo vimebomoka kutoka ukutani, havitoki kwenye biti. Tone la asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa litakuambia kama kuna chokaa. Ukiangalia chini ya taa ya urujuanimno ukaona kipande kinang'aa kana kwamba kina mafuta, usishangilie kwanza. Grisi ya mabomba nayo hung'aa.

Kuhusu gesi nitasema kwa ufupi ila kwa mkazo. Mashine hutenganisha methani na jamaa zake hadi pentani, na grafu huvutia macho, lakini kilicho muhimu kuliko vyote ni kimo cha tope matangini. Tope likiongezeka bila mtu kuongeza, kisima kinaingiza kitu kutoka chini. Mwite dereva wa mtambo hapohapo, usingoje uhakika. Kwenye kisima cha Macondo, Ghuba ya Meksiko, mlipuko wa tarehe 20 Aprili 2010 uliua watu 11. Uchunguzi ulionyesha kwamba mchana ule tope lilikuwa likihamishiwa melini, jambo lililofanya vipimo vya matangi kuwa vigumu kufuatiliwa. Kwa hiyo mtu akihamisha tope bila kukuambia, nenda kamuulize, hata kama ni mkubwa wako.

Turudi Dodoma. Hapa tunachimba kwa nyundo ya hewa, na kompresa hurusha vumbi juu kwa muda mfupi sana. Panga marundo kwenye turubai, moja kwa kila mita, mstari kuanzia mita ya kwanza. Utaona udongo mwekundu, pengine chokaa nyeupe inayochemka kwenye asidi, kisha granaiti iliyooza, ambayo ukiifikicha inabaki kama unga mweupe wenye chembe za kwarizi. Chini yake ni granaiti ngumu ya kijivu. Tafuta vipande vyenye kutu ya kahawia kwenye uso mmoja: hapo pana ufa, na maji yamewahi kupita. Vumbi likilowa hugandamana, shimo linaacha kutoa, halafu linatapika vumbi la mita kadhaa kwa pamoja. Mwambie dereva apulize mpaka shimo liwe safi kabla ya kuunga bomba jingine.

Mama mwenye kiwanja atakuja kando yako aulize, "Mwanangu, maji yapo?" Muoneshe marundo. "Mama, hapa kwenye kutu ndipo yalipoanza, mita ya 48. Kuanzia hapa chini ni jiwe zima." Ataelewa, na ataamua akijua analipia nini. Mwambie pia apeleke maji maabara yapimwe floraidi, maana nyanda hizi za kati zina tatizo hilo, na kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.

Daftari lako liandike kwa wino na ulitunze. Huko Makutupora, inakotoka sehemu kubwa ya maji ya jiji letu, kina cha maji kimeandikwa tangu miaka ya 1950. Watafiti walipochambua rekodi za miaka 55 waligundua kwamba hifadhi ile hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa, kama El Nino ya 1997/98. Ugunduzi huo ulitokana na namba za watu waliokuwa wanapima na kuandika bila kuruka.

Ukishakuwa na daftari la visima kadhaa, lenye kina, rangi, ugumu na mahali maji yalipoingia, lipeleke pamoja na vyeti unapoomba kazi. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) linaendelea na utafutaji wa mafuta bonde la Eyasi-Wembere, linalogusa Singida, Tabora na Simiyu, na siku mtambo mkubwa utakaposimama huko, watahitajika watu waliokwisha kuzoea kuchota, kuosha na kuandika.